Viti Viwili vya Pointi

Tangu turudi nimesimamishwa sokoni, posta, kwa kinyozi na hata msibani, na swali ni lile lile: "Enhe, mwalimu, huko mbele ya ndege kukoje?" Nimechoka kujibu kwa vipande, na wanaouliza wamechoka kuambiwa kwamba sijui. Ukweli ni kwamba sijui. Pointi zilikuwa zangu, nilizikusanya kwa miaka tisa, lakini kiti nilichokalia kilikuwa safu ya thelathini na nane, katikati, hatua tatu kutoka chooni. Basi naandika mara moja. Someni, mpeane, kisha mniache ninunue nyanya zangu kwa amani.

Habari za ubalozi, picha za pasipoti na fomu za kujaza mara mbili naziruka. Aliyewahi kuzipitia anazijua, na asiyezipitia nisimtie hofu.

Ila pointi lazima nizieleze. Shirika la ndege linakupa kadi, na kila ukisafiri nalo linakuandikia pointi kulingana na umbali. Zikijaa unapata safari ya bure, au unahamishwa kutoka viti vya kubanana kwenda viti vya mbele, daraja la biashara, wanakokaa mawaziri. Mimi ni mtu wa semina. Tangu mambo yawe ruksa na miradi ianze kuingia Rungwe, nimeitwa kwenye warsha za migomba, za chai, za maziwa, na moja ya jinsia na migomba ambayo mpaka leo sijaielewa. Wenzangu walipokwenda Accra walitafuta njia fupi. Mimi nilipitia Ulaya kwenda na Ulaya kurudi, nikafika nimevimba miguu lakini ninatabasamu. Taarifa ya pointi zangu ilikuja Tukuyu kwa posta, kwenye bahasha yenye kidirisha cha nailoni, hivyo karani wa posta alijua jumla kabla yangu. Alikuwa akinipongeza kabla sijafungua sanduku.

Baba yangu, Mzee Asajile, anaishi Masukulu na analima chai kidogo. Siku moja aliniuliza pointi ni kitu gani.

"Ni kama chai, baba," nikamwambia. "Kila siku unapeleka majani, yanapimwa, unaandikiwa kilo. Mwisho wa msimu unapata bonasi."

Akafikiri. "Na wewe unapeleka nini kupimwa?"

"Mimi mwenyewe."

"Kumbe wewe ndiye jani."

Masukulu, kabla ya kuondoka

Safari haikuwa ya starehe, ingawa mji mzima umeamua hivyo. Ilikuwa ya maneno.

Mdogo wangu Tumpe aliondoka nyumbani miaka kumi na moja iliyopita kwenda Denmark kufanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mama alikataa kabisa. Siku ya kuondoka alijifungia jikoni, Tumpe akagonga, akagonga, hakufunguliwa, akaenda zake kwenye basi bila kuagwa na mama yake. Hawakuonana tena. Mama alifariki miaka mitatu iliyopita, na Tumpe hakuweza kuja kuzika. Vibali vyake vya kuishi kule vilikuwa havijakamilika, na kama angetoka asingerudi.

Kabla ya kufa, mama alimwachia baba maneno ya kumfikishia Tumpe. Alimwachia yeye tu. Nilijitolea kuyaandika kwenye barua, baba akakataa. Nikajitolea kumpeleka kwenye simu, akaniangalia kama nimemwambia ayatangaze redioni. Alisema maneno ya mtu anayekata roho hayapiti kwenye waya.

Sasa Tumpe akaandika kwamba ameolewa huko na anatarajia mtoto wake wa kwanza, akiwa na miaka thelathini na tisa. Baba akasema, "Nakwenda mwenyewe." Ana miaka sabini na nne, na mguu wake wa kulia haukunjiki tangu jiwe lilipomwangukia kwenye migodi ya Afrika Kusini. Umenyooka kama mpini wa jembe. Kwenye viti vya kawaida vya ndege hata mguu wangu unaokunjika haupati nafasi. Kwa hiyo niliamua: pointi zangu zote, viti viwili vya mbele. Baba anyooshe mguu, mimi nikae pembeni yake nimsaidie. Na nisiseme uongo, nilikuwa nimeanza pia kuota kuhusu kile kiti.

Msafiri wa tatu alikuwa mke wangu, Tusekile. Ni mkunga katika hospitali ya hapa Makandana, na Tumpe alimtumia tiketi ya kawaida aende kuwa naye wakati wa kujifungua. Yeye alipaswa kukaa nyuma, na alifurahi kukaa nyuma, kwa sababu ambayo Mnyakyusa yeyote anaijua na wengine nitawaeleza.

Kwetu, mke wa mwanao anaitwa nkamwana, na anapaswa kumtila baba mkwe wake, yaani kumwogopa na kumkwepa kwa heshima. Hakai naye, hali mbele yake, hamtazami usoni, hatamki jina lake. Familia nyingi za mjini zimeshalegeza. Baba hakulegeza, na Tusekile, pamoja na elimu yake yote, hakuomba alegezewe. Kwa miaka ishirini na miwili amemtumia baba dawa ya kuchua ule mguu, kila mwezi, kupitia kwangu, na kwa miaka ishirini na miwili hawajawahi kuwa ndani ya chumba kimoja.

Tukuyu hadi Makambako, na kukaa Makambako

Tuliondoka Tukuyu kwa mabasi mawili, baba na mimi kwenye la kwanza, Tusekile kwenye la pili, nusu saa nyuma. Mji mzima ulituona na hakuna aliyeshangaa.

Kwenye basi letu alikuwemo Sefu, muuza mitumba wa Ibighi, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na vitambaa vya kuuza, na mjukuu hajaiacha kazi. Alikuwa anakwenda Dar es Salaam kufuata marobota. Baba alikuwa amevaa koti zito la sufu ambalo Sefu alimuuzia wiki ile, na kila mara alilikagua vifungo.

"Mzee, usiwe na wasiwasi na baridi ya huko," Sefu akamwambia. "Hilo koti limetoka huko huko. Likifika litakuonyesha njia."

"Na likikutana na mwenyewe?" baba akauliza.

"Mwambie ameshapunguziwa bei, asilete maneno."

Video ya ngumi za Wachina ilianza kabla hatujafika Uyole na ikaendelea bila huruma. Karibu na Makambako basi likatoa sauti ya kikohozi kikavu, likasimama. Fundi akaingia chini ya injini, akatoka, akanawa mikono kwa mchanga. Tulijua maana yake. Baada ya muda basi la pili likafika, nalo lilikuwa na viti vya kutosha. Kondakta akapiga kelele tuhamie, abiria wakabeba vikapu vyao wakakimbia. Baba hakusogea. Kwenye dirisha la katikati la basi lile nilimwona Tusekile, kitenge kikiwa tayari kimepandishwa hadi machoni.

"Mzee, twende!" Sefu alimhimiza. "Basi lina viti sitini. Wewe utakaa mbele, yeye yuko katikati. Kuna watu arobaini kati yenu!"

"Lina mlango mmoja," baba akasema.

Sefu akanitazama mimi, msomi, nitoe hoja. Nikateremsha begi langu. Akapanda, basi likaondoka na mke wangu, na baba na mimi tukabaki Makambako kwenye upepo ule unaokata masikio, tukisubiri kipuri kutoka Mbeya. Tulikaa saa sita. Tulikula viazi vya kukaanga mara mbili na mahindi ya kuchoma mara moja. Baba hakulalamika hata kidogo; alinyoosha mguu wake juu ya begi langu na kunisimulia jinsi alivyopanda ndege mara ya kwanza akiwa kijana, kupelekwa migodini. Kumbe alishapanda ndege miaka mingi kabla sijazaliwa.

"Hukuwahi kuniambia," nikasema.

"Hukuwahi kuuliza. Ulikuwa unahesabu pointi."

Nawaomba mkumbuke zile saa sita.

Dar es Salaam, kwenye kaunta

Siku mbili baadaye, Jumapili, tulikuwa uwanja wa ndege. Tusekile alisimama mwisho wa foleni, nyuma ya mlima wa masanduku ya familia nyingine. Baba alisimama akiitazama nguzo. Mimi nilikuwa kaunta na tiketi zote tatu, na dada wa kaunta, mchangamfu, mwenye kalamu sikioni, alizipokea kwa mikono miwili.

"Karibuni sana. Mzee na mama, viti vya kwanza kabisa, mguu utanyooka vizuri. Na huyu kijana aliyewasindikiza ni thelathini na nane E."

Nina miaka hamsini na mmoja. Nilisamehe hilo la kijana nikashughulika na lililobaki.

"Dada, kuna makosa. Viti vya mbele ni vya baba na mimi."

"Ndiyo. Baba na mama."

"Na mimi."

"Na mama, ndiyo."

"Mimi! Mimi hapa!" nikajigonga kifuani.

Akageuza kompyuta yake, akasoma, uso ukabadilika kidogo. "Kaka, hapa wameandika: ombi la simu kutoka Tukuyu, baba na mama mbele, baba ana mguu mbovu."

Nikaikumbuka simu ile. Nilipiga kutoka posta, mvua ikigonga bati, nikipiga kelele hadi karani akaziba masikio: baba na mimi, baba na mimi. Kwenye waya ule mbovu mimi nikageuka mama, na tiketi ya Tusekile ikahamishiwa mbele badala ya yangu. Majina yetu yote ni ya ukoo mmoja, na tiketi zilipofika niliangalia majina, sikuangalia ile herufi moja ndogo inayoonyesha daraja. Niliyefundisha watu kusoma kwa makini.

"Basi badilisha," nikasema.

"Tiketi ya pointi haibadilishwi hapa. Ni makao makuu yao Ulaya, na leo wamefunga. Ndege imejaa mbele na nyuma. Nafasi nyingine ya pointi ni baada ya wiki tano." Akashusha sauti. "Na pointi zako naona zinakufa mwisho wa mwezi huu."

Wiki tano! Mtoto wa Tumpe alikuwa anatarajiwa baada ya mbili. Na hospitali isingempa Tusekile likizo mara ya pili.

"Dada yangu, hawa hawawezi kukaa pamoja. Yule si mke wake. Ni mkwe wake."

Akacheka kwa nafuu. "Sasa tatizo nini? Mkwe si mtoto wake tu! Kwetu Bagamoyo mkwe ndiye anayemwogesha mzee akiugua. Atamtunza vizuri kuliko wewe."

Nilikwenda kwenye nguzo, nikamweleza baba kwa Kinyakyusa, taratibu, kama anayemweleza mtu habari za msiba. Hakunitazama.

"Kuna njia nyingine ya kufika kwa Tumpe?"

"Hakuna, baba."

"Hata ya kuchelewa?"

"Ya kuchelewa ni kuchelewa kabisa."

Akalifunga koti lake vifungo vyote. "Basi," akasema. Halafu nikaenda nyuma ya mlima wa masanduku kumwambia Tusekile, na yeye akaniambia mambo ambayo sitayaandika, kwa sababu kuna watoto wanaosoma.

Angani, pande mbili za pazia

Dada wa kaunta alinidokeza kwamba tukishapanda, mhudumu anaweza kukubali mimi na mke wangu tubadilishane. Hakukubali. Alikuwa mwanamke mrefu wa Kizungu, mpole, asiyetikisika, na kati ya viti vya mbele na vyetu kulikuwa na pazia la kijivu ambalo alilisimamia kama askari wa mpakani. Nilijaribu mara tatu. Mara ya tatu nilimwonyesha kadi yangu ya pointi, ile ya rangi ya fedha. Aliisoma kwa heshima akaniambia kwamba kadi hiyo inaniruhusu kubeba kilo kumi za ziada. Nikarudi kwenye thelathini na nane E, kati ya mfanyabiashara wa tanzanaiti aliyelala mdomo wazi na mtawa aliyekuwa akisali kwa sauti tangu injini iwashwe. Chakula kilikuwa kuku au tambi. Waliponifikia, kuku walikuwa wamekwisha.

Kwa hiyo yaliyotokea mbele ya pazia niliyapata baadaye kwa Tusekile.

Anasema viti vilikuwa vipana kama makochi, viwili viwili. Alimwomba bwana mmoja wa upande wa pili wabadilishane, bwana akajibu kwamba alikichagua kile kiti mwenyewe tangu mwezi uliopita. Baba akapewa cha dirishani, akageuzia uso kioo. Tusekile akachukua blanketi la ndege, akajifunika gubigubi, kichwa na vyote. Ndege ikapaa hivyo.

Mhudumu alipowaona, alihitimisha kwamba ni mume na mke waliogombana. Akawaletea glasi mbili za mvinyo wenye mapovu na chokoleti kwenye sahani, akamkonyeza baba ampe bibi yake. Baba akazirudisha zote mbili kwenye sinia. Mhudumu akaleta tena, safari hii na ua.

Muda ukapita. Kisha Tusekile akasikia baba akizungumza, taratibu, kwa Kinyakyusa, na kioo.

"Wewe dirisha. Muulize huyo aliyejifunika kama anapumua."

Tusekile alilikaza blanketi kwanza. Halafu akajibu kutoka ndani, "Wewe blanketi, mwambie dirisha kwamba anapumua."

"Mwambie wamesema kuna samaki na nyama."

"Mwambie asante, ameshiba."

Blanketi na dirisha waliongea hivyo mpaka samaki wakaja wakaondoka bila kuguswa. Kisha dirisha likanyamaza, na Tusekile akaanza kusikia kitu kingine. Mkunga anaijua pumzi ya mtu anayeficha maumivu; anaisikiliza kila siku kazini. Baba hakujua kwamba kile kiti kinalala na kina sehemu ya kunyanyua miguu. Kwa saa mbili alikuwa amekaa wima, mguu wa kulia umejitega ukutani, na hakutaka kumwita mtu. Kiti cha pointi zangu, kilichotafutwa kwa ajili ya mguu ule, kilikuwa kinamtesa kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kitufe.

Tusekile akalivua blanketi. Akabonyeza vitufe, kiti kikalala, sehemu ya miguu ikapanda. Kisha akaushika ule mguu kwa mikono yote miwili, akaunyanyua, akauweka juu ya mto, akaanza kuuchua. Alikuwa akimtumia dawa ile kwa miaka ishirini na miwili, lakini mguu wenyewe ndiyo kwanza auone.

Anasema baba alifumba macho. Alipoyafumbua alitia mkono kwenye lile koti la Sefu, akatoa ndizi za kuchoma alizofunga nyumbani kwa dada yangu wa Dar, akakata moja katikati. Katika ukoo wetu, baba mkwe akitaka kumfungulia nkamwana mwiko huo, anampa kitu mkononi mbele ya shahidi. Kwa kawaida ni ndama, anayekabidhiwa kamba yake. Baba akainua mkono kumwita mhudumu, akamwambia kwa Kiswahili chake cha Masukulu, "Wewe mama, simama hapo, utasame."

Mhudumu hakuelewa neno, ila alisimama, sinia mkononi. Baba akamwekea Tusekile nusu ya ndizi kiganjani.

"Ndama utamkuta nyumbani," akasema, akimtazama usoni. "Hiyo ni kamba yake. Kula."

Tusekile akala, mbele yake. Mhudumu akapiga makofi, akaenda kuwaambia wenzake kwamba wazee wamepatana.

Baada ya hapo baba alianza kuzungumza, na hakunyamaza mpaka kulipopambazuka juu ya milima ya Ulaya. Alizungumza nini, nilimuuliza Tusekile. Akasema, "Alikuwa anajifunza kusema."

Uwanja wa kubadilishia ndege

Nilitoka wa mwisho mwisho, shingo imepinda, nikitegemea kukuta janga. Niliwakuta wamekaa kwenye benchi moja, bega kwa bega. Baba alikuwa amevaa soksi za bure za ndege, za bluu, na Tusekile alikuwa amempakatia koti.

"Baba, mmekaaje?" nikauliza.

"Tumekaa."

"Mama Lusajo?"

"Baba Lusajo, angalia mizigo," akasema mke wangu, "tunamalizia mazungumzo."

Shirika lilikuwa limeleta kiti cha magurudumu. Kijana wa kukisukuma alimwuliza baba kama mkewe atatembea au aitiwe gari dogo. Nikaanza kueleza kwa Kiingereza safi mfumo mzima wa ukwe wa Kinyakyusa, kwa kurejea mifano. Alisikiliza kwa adabu, akageuka kwa Tusekile: "Madam, huyu bwana anawasumbua?"

Kwa Tumpe

Ndege ya pili ilikuwa fupi, na Copenhagen Tumpe alikuwa akisubiri nyuma ya kamba, tumbo mbele, mume wake Mdenishi mrefu akiwa nyuma yake na bendera ndogo ya Tanzania aliyoishika kichwa chini. Mlango ukafunguka, baba akatokea akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na anayemsukuma ni Tusekile.

Tumpe alipiga yowe. Alikimbia na lile tumbo, akapiga magoti sakafuni. "Baba ana nini? Amezidiwa? Kwa nini hamkuniambia?" Kwa mtu aliyeondoka miaka kumi na moja iliyopita, mkwe kumshika baba kulikuwa na maana moja tu.

"Sijafa," baba akamwambia. "Inuka, utamwangusha mtoto."

Wakashikana pale chini kwa muda, na mumewe akageuza bendera upande sahihi.

Ningependa kuwaambia kwamba baba aliyatoa maneno ya mama usiku ule. Hakuyatoa. Kila tulipomaliza kula, alinyoosha mgongo, akaanza, "Tumpe, mama yako..." Tumpe aliweka kijiko chini. Baba akaangalia meza, kisha akauliza Wadenishi wanakamua ng'ombe mara ngapi kwa siku. Siku ya kwanza mara ngapi, siku ya pili wanawalisha nini, siku ya tatu kama maziwa yao yanaganda vizuri. Tumpe alijibu yote. Usiku nilimsikia akimwambia mumewe kwamba labda maneno yenyewe ni mabaya, ndiyo maana hayatoki. Kwamba labda mama alikufa bado amejifungia.

Asubuhi ya nne tulikuwa kwenye chai. Tumpe hakusubiri.

"Baba, sema tu. Alinilaani?"

Baba alikirudisha kikombe kwenye sahani. Kisha akageuka, si kwangu, mwanawe wa kwanza mwenye shahada mbili, bali kwa mke wangu.

"Nkamwana," akasema. "Nisaidie."

Tusekile akaweka chini mkate wake. Akasema taratibu, kwa Kinyakyusa, kama mtu anayerudisha kitu alichopewa akitunze. Kwamba siku ile Tumpe alipoacha kugonga na kuondoka, mama alifungua mlango. Akatoka mbio bila viatu, akakata katikati ya mashamba ya chai ili alifikie basi barabarani. Alilifikia. Alifika karibu kabisa, akajificha kwenye chai, kwa sababu alikuwa amelia na uso umevimba, na alijua Tumpe akimwona atashuka. Na hakutaka ashuke. Alitaka aende, ila hakujua namna ya kutaka hivyo kwa mdomo. Akamwona akifunga dirisha. Maneno yake yalikuwa, mwambie sikukaa jikoni.

"Alijificha kwenye chai ya bonde la chini," Tusekile akaendelea, "akawa..."

"La juu," baba akasema.

Tukamgeukia wote.

"Si bonde la chini. La juu, kwenye lile jiwe, linatazama kituo." Akainua mkono, akaonyesha juu ya meza: jiwe hapa, sukari, barabara hii, kisu. "Alikuwa hapa. Basi lilikuwa hapa. Wewe ulikaa upande wa kulia, dirisha la pili. Ulikuwa na kitambaa cha njano kichwani, kimelegea upande mmoja. Alitaka kuja kukifunga."

Tumpe alikuwa ameziba mdomo. "Kile kitambaa nilikifunga kwenye basi," akasema. "Nyumbani nilikuwa nacho mfukoni. Alikijuaje?"

"Alikuwepo," baba akasema.

Hakuna aliyekula tena mkate. Baba alizungumza mpaka saa sita mchana, mwenyewe sasa, akimsahihisha Tusekile, akijisahihisha, na mume wa Tumpe alisikiliza yote bila kuelewa neno, akijaza chai.

Kurudi

Mtoto alizaliwa siku ya kumi na moja, wa kike, mikononi mwa Tusekile na mkunga mwingine wa Kidenishi ambaye Tusekile anasema ana mikono mizuri ila anaongea mno. Jina lake mnaweza kulikisia: ni la mama.

Kuhusu kurudi sina mengi. Kwenye kaunta ya Copenhagen kulikuwa na binti mwelewa, na makao makuu siku hiyo walikuwa kazini. Akaniambia kwamba, kwa kuwa mimi ndiye mwenye kadi na kosa halikuwa langu kabisa, anaweza kubadilisha: mimi mbele na baba, mke wangu thelathini na tisa C. Alisema itachukua dakika mbili. Nilimgeukia baba nikamweleza, sauti ikijaribu kutoonyesha hamu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akamtazama Tusekile, aliyekuwa anajifanya kusoma ubao wa safari.

"Ambokile, mwanangu," akasema, akinishika bega kwa upole, "sisi hatujafika hata nusu. Na wewe huko nyuma umeshazoea."

Ni kuku au tambi, kama mnataka kujua. Safari ya kurudi tambi ndizo zilizokwisha.